Mashine Isiyojua Kupumzika

Kwa siku tatu Muthoki alikuwa ameketi mbele ya kompyuta ya zahanati ya Mbumbuni, na kwa siku tatu kompyuta ilikuwa ikimfia mkononi. Ikifa, haikufa kwa kishindo. Picha ilibaki pale pale kwenye kioo, saa ya pembeni ikasimama kwenye dakika ile ile, na ukibonyeza kitufe ni kama unapiga hodi kwenye nyumba iliyohamwa. Inabidi uizime kwa nguvu, uiwashe, ungoje. Kisha itafanya kazi vizuri kabisa, kana kwamba si yenyewe iliyokuwa marehemu sasa hivi.

Ilikuwa mashine mpya, ndogo, haizidi mkate. Ofisi ya kanisa iliituma kutoka Kitui wiki tano zilizopita ichukue nafasi ya lile sanduku la zamani lililokuwa likinguruma kama kinu cha kusaga mahindi. Muthoki ndiye aliyezitunza kompyuta za zahanati nne za kanisa, mbili upande wa Kitui, mbili Makueni. Hakwenda chuo. Alianza kwa kuchapa barua za ofisi, kisha akafungua kilichoharibika kwa kuwa hakukuwa na mwingine wa kukifungua, na miaka ishirini ikapita hivyo. Sasa alikuwa na hamsini na saba, na mgongo wake ulimweleza kila mmoja wa miaka hiyo.

Alikuwa ameshajaribu mengi. Siku ya kwanza aliondoa kitambaa cha kufuma ambacho nesi, Sista Mbithe, alikuwa ameifunika mashine nacho ipendeze, akidhani inakosa hewa. Ikafa bila kitambaa. Siku ya pili alibadilisha waya wa stima, akatoa vipande vya kumbukumbu akavirudisha, akapima joto. Ikafa ikiwa baridi. Usiku wake alilala kwenye kochi la Sista, miguu ikining'inia, ingawa binti yake Kaluki aliishi hatua hamsini kutoka hapo. Kaluki ameolewa na Githaiga, mwenye studio ya picha na video inayopakana na ukuta wa zahanati, na mama mkwe halali kwa mkwewe. Wengine siku hizi wanasalimiana na wakwe zao kwa mkono, tena kanisani. Muthoki hakuwa wa hao. Miaka sita sasa, akimwona Githaiga anakuja upande huu, yeye anashika ule, na Githaiga vilevile, ingawa kwao ni Nyeri. Hiyo ndiyo nthoni, heshima ya wakwe, na haikuwa imemzuia mtu kula.

Asubuhi ya siku ya tatu mwanamke mmoja aliingia kwenye chumba cha rekodi, akasimama mlangoni na mkoba wake kifuani. Alikuwa na kadi ya kijani mkononi.

"Samahani, mama. Wewe ndiwe wa mashine?"

"Ndimi."

"Naitwa Syombua. Ukiifungua hivyo, unaona majina yetu?"

Muthoki aliinua macho. Kadi za kijani alizijua, ni za wale wanaochukua dawa za virusi kila mwezi. Walikuwa thelathini na mmoja pale Mbumbuni.

"Mimi naona mistari ya mashine tu. Majina yana kufuli, na ufunguo ni wa Sista."

"Na mtu mwingine hawezi?"

"Kwa nini unauliza?"

Syombua alichungulia nyuma, akasukuma mlango kwa kisigino. "Natoka Kathonzweni. Nimebadilisha gari mjini Wote, nimekula vumbi tangu alfajiri. Kule kwetu dawa hizi ziko, dakika ishirini kwa miguu. Lakini anayezigawa ni shemeji yangu. Ninauza ndengu sokoni, ninaimba sauti ya kwanza kwenye kwaya. Nikifika nyumbani, hivi vidonge navifunga kwenye leso ili visilie mkobani. Nimekaa hivyo miaka minne. Sasa naingia hapa naona mashine imefunguliwa tumbo, watu wanapita." Alishusha sauti. "Jina langu likitoka humu, mama, sitarudi. Siachi kwaya. Naacha dawa."

Alilisema hilo la mwisho bila hasira, kama mtu anayetaja bei.

"Usiache," Muthoki alisema. "Nitakuangalilia vizuri. Nitakupa jibu kabla hujapanda gari."

"La kweli?"

"La kweli."

Syombua alienda kukaa kwenye benchi la nje, mwisho kabisa, kando ya Mzee Kiema wa presha. Muthoki alibaki akiitazama mashine. Alikuwa ametoa ahadi juu ya kitu asichokielewa bado, na hilo lilimchosha kuliko kochi.

Ilipofika saa saba, watu wakaenda kula, zahanati ikatulia. Muthoki hakwenda. Alikaa akaikodolea mashine macho bila kuigusa. Saa saba na dakika kumi na mbili, saa ya pembeni ikasimama. Imekufa tena.

Aliiwasha, akafungua daftari ambalo mashine hujiandikia yenyewe kila inachofanya. Alitafuta neno la mwisho. Hakukuwa na kosa lolote, hakukuwa na malalamiko. Maandishi yalikwenda vizuri, vizuri, halafu kurasa nyeupe. Jana ilikuwa hivyo hivyo, saa saba na robo. Juzi, saa saba kasoro dakika tano.

Alitoka nje kunyoosha mgongo. Mzee Kiema alikuwa akimenya ndizi.

"Mama Kaluki, mgonjwa amepona?"

"Mzee, kitendawili."

"Tega."

"Akifanya kazi ni mzima. Akipumzika anakufa."

"Mke wangu!" Mzee Kiema alijibu papo hapo. "Tangu tuoane sijamwona ameketi."

Syombua alicheka kidogo, kicheko cha puani. "Punda," alisema.

"Punda akipumzika hulala, hafi," alisema Mzee. "Ngoja. Pikapu ya marehemu kaka yangu! Ukiizima mahali haiwaki tena. Alikuwa akienda kanisani anaiacha inanguruma nje mpaka baraka za mwisho."

"Mmekaribia. Nipeni mji."

"Nakupa Kitui nzima na jua lake."

"Kitui ni kwangu tayari, nipe mwingine."

"Basi chukua Wote, na barabara yake. Sema."

Kabla Muthoki hajajibu, alisikia mtu nyuma yake. Aligeuka. Mlangoni Sista Mbithe alikuwa amesimama na sahani ya muthokoi, mahindi ya kukobolewa, na uso wake haukuwa uso wa mtu anayesikiliza kitendawili.

"Sista," Muthoki alisema, "njoo ndani kidogo."

Waliingia, mlango ukafungwa.

"Hii mashine inakufa ikikosa kazi," Muthoki alisema. "Wewe ulijua."

Sista aliweka sahani juu ya kabati. Alikuwa mwanamke mnene, mpole, aliyezalisha nusu ya watoto wa Mbumbuni, na hakujua kuficha kitu usoni. "Sikujua hivyo, Mama Kaluki. Nilichojua ni kwamba, kazi ya Githaiga ikiwa ndani haifi."

"Kazi ya Githaiga ikiwa ndani ya nini?"

Basi yote yakatoka. Wiki mbili za kwanza mashine ilikuwa ikifa kila mchana, na Jumapili yote. Siku moja Githaiga alikuja kuomba. Kompyuta yake ya studio ni dhaifu, video moja ya harusi inamla siku mbili, na hii ya zahanati ni mpya, ina nguvu, na mchana haina kazi. Angeomba apewe chumba tu ndani ya kompyuta hiyo, mahali pake pa kuwekea kazi. Ni jirani, tena wakati wa mafuriko ndiye aliyebeba wagonjwa kwa gari lake. Angemnyimaje? Wakapitisha waya wa buluu kutoka studio kwenye tundu la dirisha. Na tangu siku hiyo, mashine haikufa. Video za harusi zilikuwa zikipikwa ndani yake mchana kutwa, nayo ikawa macho.

"Nikasema Mungu ametuonea huruma," Sista alisema. "Nikawa namwambia, Githaiga, usiache kuleta kazi. Wiki jana hakuwa na harusi, ikaanza kufa tena, ndipo nikakupigia. Sikutaka kukutajia. Ni mkwe wako."

Muthoki aliketi taratibu. Alihisi ile furaha ndogo, ile inayokuja kitendawili kinapoteguka, ikija na kuondoka bila kukaa.

Maana sasa alielewa. Ndani ya kompyuta kuna programu moja iliyo chini ya nyingine zote, na watu wa kazi hiyo huiita kiini. Kiini ndicho kinachoiambia prosesa, ubongo wa mashine, sasa fikiria hili, sasa lile, sasa huna kazi, sinzia. Prosesa hii ilikuwa ya juzi. Kiini cha zahanati, kilichohamishwa kutoka lile sanduku la zamani, kilikuwa cha miaka saba, na Muthoki mwenyewe ndiye aliyekataa kibadilishwe. Mwaka jana alikuwa ameweka kiini kipya kwenye zahanati moja ya Kitui, printa ikagoma wiki nzima, akaapa hatabadilisha kingine. Prosesa mpya ina usingizi wa aina aina, mwepesi, mzito, na mzito kabisa. Ikikosa kazi, kiini kizee kiliipeleka kwenye usingizi mzito kabisa, na hakikujua namna ya kuiamsha. Kosa lilikuwa lake kwa sehemu, na alilikubali hapo hapo kwa kuwa hakuwa na nguvu za kulibishia.

Lakini hilo halikuwa baya. Baya lilikuwa waya wa buluu.

"Sista, sogea nione kitu."

Aliandika amri moja, mashine ikajibu kwa orodha. Prosesa za siku hizi zina kasoro zinazojulikana, zimezaliwa nazo, na viini huwekewa kinga kwa kila kasoro. Muthoki alishaiona orodha hiyo mara nyingi, na kila mstari huwa na neno la kusema kinga ipo. Hii haikuwa hivyo. Wazi. Wazi. Wazi. Wazi. Akatazama maneno ambayo kiini husomewa mashine inapowashwa, na mwishoni mwa mstari akayaona mawili yaliyoongezwa na mkono wa mtu. Zima kinga. Tarehe ilikuwa ya siku kumi na tisa zilizopita.

"Nani ana ufunguo mkuu wa mashine hii, mbali na wewe na mimi?"

Sista alitazama sahani ya muthokoi. "Nilimfungulia Githaiga mara moja tu, nikiwa nimesimama hapa. Alisema inakwenda polepole. Alisema amesoma mahali namna ya kuifanya ikimbie. Kweli ilikimbia, Mama Kaluki! Hata mimi kadi zangu zilikuwa zikifunguka mara moja."

"Mwite."

"Wewe umwite mkwe wako?"

"Mimi simwiti. Wewe mwite."

Githaiga alikuja upesi, kijana mrefu, kofia nyuma, akiongea kabla hajafika. "Sista, mashine imerudi? Nina ruracio, sherehe ya mahari ya watu wa Kilungu, wanataka video kesho..." Akaona kiti cha rekodi kina mtu, na mtu huyo ni nani, akaruka nyuma kama aliyekanyaga kaa la moto. Akavua kofia. Akasimama nje ya mlango, mgongo ukutani, asionekane. Muthoki naye aligeuza kiti akatazama dirisha. Sista Mbithe akabaki katikati ya mlango, mkono mmoja kwenye kila upande wa fremu.

"Mwulize," Muthoki aliliambia dirisha, "kama ni yeye aliyezima kinga."

"Anauliza kama..."

"Nimesikia, Sista. Mwambie Mama ni mimi. Mwambie watu wengi wanazima. Inapunguza kasi bure."

"Anasema..."

"Masikio ninayo. Mwambie bure si bure."

Benchini Mzee Kiema, peke yake sasa kwa kuwa Syombua alikuwa amekwenda sokoni kula, aliacha kutafuna.

"Mwambie Mama sijawahi kufungua jina la mtu," Githaiga alisema, na sauti yake ilikuwa imeumia. "Hata sijui yako wapi. Chumba changu kiko peke yake, nina ufunguo wangu, siwezi kuingia kwao."

"Najua hakuingia. Mwulize kama anajua kupika."

"Mama Kaluki!"

"Mwulize."

"Chapati," Githaiga alisema kwa mashaka. "Na mayai."

"Basi asikilize. Prosesa ni mpishi mwenye haraka. Hangoji kuambiwa wageni watakula nini. Anakisia. Anaanza kukaanga kabla hajaagizwa. Akiwa amekisia vibaya, anamwaga chakula, anaosha sufuria, anasema sikupika kitu. Na kweli sahani hazina kitu. Lakini harufu? Harufu imebaki jikoni. Aliye chumba cha pili, mlango wake umefungwa vizuri, hajatoka hata hatua, akiwa na pua kali atajua ni nyama au ni maharagwe. Ndiyo kasoro yenyewe. Haihitaji mtu aingie. Inahitaji mtu awe jirani tu, na mvumilivu. Kinga zilikuwa kazi ya kufungua madirisha na kupiga deki kila mara mpishi anapobadilisha wageni. Ndiyo, zinachelewesha. Yeye amemwambia mpishi asipige deki."

Nje mbuzi alipita.

"Mwambie Mama," Githaiga alisema polepole, "mimi sina hiyo pua."

"Nakubali. Je, kila aliyeweka kitu kwenye chumba chake hana?"

Sista alimwona Githaiga akiizungusha kofia mikononi.

"Kuna vijana wawili," Githaiga alisema mwishowe. "Wa kule stendi. Walinipa programu kwenye flashi, niiache ikizunguka. Wanasema inachimba pesa za mtandaoni. Ilikaa... siku nane. Tisa. Sikuifungua kuona ina nini."

Muthoki alifumba macho. Alikuwa akitumaini kusikia la hapana. Kwa siku tisa programu isiyojulikana baba yake ilikuwa imekaa chumba cha pili na majina thelathini na moja, na mpishi hapigi deki. Huenda ilikuwa inachimba pesa kweli. Huenda haikuwa na pua yoyote. Na kama ilinusa, hakuna daftari lolote duniani ambalo lingeonyesha, kwa sababu kunusa hakuachi alama.

"Atoe kazi yake yote," alisema. "Sasa. Na hiyo flashi aniletee. Na waya utoke dirishani."

"Mama, harusi..." Safari hii alijisahau, akamwambia moja kwa moja. "Nimeshapokea pesa za watu. Wataniona mimi ni nani? Naweza kuwasha kinga, nikae humo polepole. Nitavumilia. Kaluki atasema umenifukuza."

Sista alimtazama Muthoki. Muthoki alitazama mikono yake. Ni kweli, angeweza kumwacha na kinga zikiwashwa. Ofisi nyingi duniani hufanya hivyo. Lakini kasoro mpya huzaliwa kila mwaka, na yeye angekuwa Kitui, na Syombua angekuwa amefunga vidonge kwenye leso.

"Mwambie," alisema, na sauti ilikuwa ya chini, "miaka sita sijala mezani kwake. Sijashika mkono wake. Nikija hapa nalala kwenye kochi la watu, miguu nje. Mwulize kama anadhani namchukia."

Kisha akaendelea mwenyewe, bado akiliambia dirisha.

"Kuna vitu viwili vyema tu, kila kimoja kwake, ambavyo havikai chumba kimoja. Hakuna aliyekosa. Ni kwamba kimoja kikiwepo kingine hakina amani. Sisi hatukuona hiyo kuwa taabu. Na hiyo mashine isione. Video zake ni kazi njema. Zitafutiwe nyumba yake."

Walisikia Githaiga akivuta pumzi. Kisha viatu vyake vikaondoka haraka, na Muthoki akadhani ameudhika. Dakika chache baadaye waya wa buluu uliojinyoosha dirishani ukatikisika, ukaanza kurudi nyuma, kidogo kidogo, mpaka ncha yake ikaruka nje. Mkono ukaonekana dirishani bila mwili, ukaweka flashi kwenye kizingiti, ukatoweka.

"Mkono una adabu," Mzee Kiema alisema kutoka benchini.

Kazi iliyobaki ilikuwa ya kiini. Muthoki alikuwa amebeba viini viwili vipya kutoka Kitui, tangu siku ya kwanza vilikuwa mfukoni ndani ya flashi yake, na aliviogopa. Aliweka nakala ya majina pembeni kwanza, akaifungia kwenye kabati la Sista. Kiini cha kwanza kiliwasha mashine kikaleta kioo cheusi tii, wala taa wala neno. Alihisi machozi ya uchovu, akayaacha yapite. Alirudi kwenye kile cha zamani, akaweka cha pili. Maandishi yalikimbia, yakasita kwenye mstari mmoja kwa muda wa kumfanya mtu akumbuke madhambi yake, yakaendelea. Kioo cha zahanati kikafunguka. Akafuta yale maneno mawili, akawasha upya, akaita ile orodha. Kinga ipo. Kinga ipo. Kinga ipo. Mstari mmoja ulisema kasoro hii bado haina dawa kamili, na akauandika kwenye karatasi, kwa kuwa huo nao ulikuwa ukweli.

Printa ikagoma. Sista akasema ataandika kwa mkono, ameshazoea.

"Sasa," Muthoki alisema, "hakuna mtu kuigusa. Tuiache ipumzike."

Ilikuwa saa nane na nusu. Wakafunga mlango wa rekodi wakakaa wote nje kwenye benchi, Sista na Muthoki na Mzee Kiema na Syombua mwisho, kama watu wanaongoja habari kutoka chumba cha upasuaji. Sista aliwahudumia wawili watatu waliokuja, akirudi kukaa kila mara. Muthoki alisinzia akaamka. Saa tisa. Saa tisa na robo. Alikuwa na hamu ya kwenda kutazama na hakwenda, kwa sababu kuitazama hakusaidii na miguu ilikuwa imekataa.

Saa tisa na nusu alimwambia Sista aende yeye. Alisikia kitufe kikibonyezwa. Halafu sauti ya Sista: "Wee! Imeamka!"

Mzee Kiema alipiga makofi mara mbili, akaenda zake. Alikuwa amepimwa presha tangu asubuhi.

Muthoki alimgeukia Syombua. Sista alikuwa amefika mlangoni na alielewa kinachokuja, akamkazia macho, akatikisa kichwa kidogo sana. Usimwambie. Watakimbia wote thelathini na mmoja.

"Jibu lako," Muthoki alisema. "Kwa siku kumi na tisa mlango ulikuwa wazi. Si mlango wenyewe, ni kitu kama harufu. Kwa siku tisa kulikuwa na programu ya watu nisiowajua chumba cha pili. Sijui kama ilinusa. Sitajua kamwe, na ukikutana na mtu anayesema anajua, anakudanganya. Tangu leo saa nane kumefungwa. Nitaandika barua ofisini Kitui, na wenye kadi za kijani wote wataambiwa na Sista, mmoja mmoja, wakija."

Syombua alikaa bila kusogea. Mkoba ulikuwa magotini.

"Aliyefungua ni nani?"

"Mkwe wangu. Mume wa binti yangu. Hakutaka ubaya, alitaka haraka. Na kiini kibovu ni mimi niliyekiacha."

"Ungeweza kuniambia yote yako sawa. Ningeamini."

"Ningeweza," Muthoki alisema. "Lakini nimechoka sana, mwanangu. Uongo unataka mtu mwenye nguvu. Lazima aubebe kila mwezi ukija."

Mwanamke alitazama barabara. Gari la mwisho la Wote lilikuwa likipiga honi pale sokoni, likiita watu. Alisimama. Sista Mbithe alishika fremu ya mlango. Syombua alirekebisha leso yake, akapiga hatua moja kuelekea honi, akasimama tena, na kwa muda hakuna mtu kati ya wale watatu aliyejua ataelekea wapi, yeye mwenyewe akiwemo.

Kisha akageuka akaingia ndani.

Muthoki hakumfuata. Alijilaza pale pale kwenye benchi, mkoba chini ya kichwa, miguu yote ikienea kwa mara ya kwanza tangu Jumatatu. Kupitia dirishani, pale ulipokuwa waya wa buluu, alisikia chupa ya vidonge ikilia, kisha ikinyamazishwa na kitambaa. Feni ndogo ya mashine ilikuwa inazunguka. Ikapunguza. Ikasimama, na hakuna aliyeruka.

Usingizi ulikuwa umeshamshika nusu aliposikia sauti ya Syombua, ya kwaya, hata akinong'ona ilikuwa sauti ya kwanza.

"Sista, mwezi ujao nije tarehe ngapi?"